Jina Nililolisoma kwa Sauti

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka bado naisikia sauti yangu mwenyewe ikisoma, na kila nikiisikia natamani mtu angenizima kama redio. Nimeambiwa wamekuchagua mweka hazina wa chama chenu, na kwamba tayari wanachama wamegawanyika. Nusu wanataka majina ya wote waliochanga yabandikwe kwenye kundi la WhatsApp, na kiasi cha kila mmoja mbele ya jina lake. Nusu wanasema mtoaji akiomba asitajwe, basi asitajwe, na daftari lifungwe. Umekuja kwangu ukidhani nitakuambia nusu ipi ina haki. Nitakuambia, ila usinikimbize. Chai hiyo ipo ya kutosha, na mimi kisa hiki sikisimulii nikiwa nimesimama.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, naishi Igoma, nafanya kazi ya ukarani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Duka lilikuwa la familia moja ya Kihindi iliyokuwepo Mwanza tangu enzi za babu zao. Mwenye duka, mzee asiyecheka hovyo, ndiye aliyenifundisha kutoacha mstari mtupu kwenye daftari, hata kama kilichouzwa ni misumari ya shilingi mia. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Usicheke, bado ni mzuri, ni macho tu yamechoka.

Kwa sababu ya mwandiko huo, kila msiba wa mtaa wetu daftari la rambirambi nilipewa mimi. Unajua tunavyofanya huku. Siku ya mwisho, watu wakishakula na kabla hawajatawanyika, katibu wa msiba anasimama na kusoma: fulani elfu mbili, familia ya fulani debe la mahindi, wafanyakazi wa mahali fulani elfu kumi na tano na mkungu wa ndizi. Kisha anasoma kilichotumika, sanda, jeneza, gari, mchele, na kilichobaki anakabidhiwa mfiwa mbele ya macho ya watu wote. Hakuna anayeona vibaya. Asiyesomwa ndiye anayenuna. Kuna mama mmoja alininunia mwezi mzima kwa sababu niliruka kuku wake, na kuku mwenyewe alikuwa mdogo hivi.

Nakueleza hayo ujue nilikotoka. Mimi nilikua nikiamini kwamba hela ya watu ni lazima isomwe, na isomwe pamoja na mwenyewe aliyeitoa, na kwamba anayeificha ana lake jambo. Nilisifiwa kwa imani hiyo, nikaijenga ikawa ndiyo tabia yangu. Nilipopita mtaani watu walisema huyo binti hana longolongo, na mimi nilitembea kama mtu anayesemwa hivyo.

Wakati huo akina mama wa Igoma na Buswelu walikuwa wameanzisha umoja wa kuwasaidia wanawake wanaopigwa na waume zao. Walipanga nyumba ya vyumba vinne kule Buswelu, siku zile bado kuna mawe na mashamba mengi kuliko nyumba. Mwanamke aliyekimbia kipigo alikaa pale na watoto wake mpaka ajue pa kuanzia. Mwenyekiti alikuwa Mama Kabula, muuguzi mstaafu, mama mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye hata daktari alikuwa akimwamkia kwanza. Wanachama wote walijua nyumba ipo. Nani yuko ndani hawakuambiwa, na kwa heshima yao, hawakuuliza. Waliponichagua kuwa mweka hazina nilifurahi mno, nikanunua daftari jipya kwa hela yangu.

Hela zilitoka kwa wanachama wenyewe, kwa maduka, kwa makanisa na misikiti, na kidogo zilitoka kwa watu walioomba wasitajwe. Watu hawa, Mama Kabula aliwasoma kwenye mkutano hivyohivyo: mtoaji aliyeomba asitajwe, kiasi hiki. Kwenye daftari la risiti lililobaki kwangu, hata hivyo, majina yao yalikuwepo, maana mimi nilishafundishwa kutoacha mstari mtupu.

Mmoja wao alikuwa Mama Milembe wa Usagara, mama wa makamo aliyeuza mchele pale njia panda. Kila mwisho wa mwezi alikuja dukani kwetu, akasimama pembeni kama mtu anayechagua bawaba mpaka wateja wapungue, kisha akafungua pindo la kitenge na kunihesabia elfu ishirini. Elfu ishirini siku zile ilikuwa hela, mwanangu. Risiti hakuichukua hata mara moja. Alisema neno lilelile kila mwezi: "Niandikie, lakini usinitangaze." Mimi nilimwitikia na kuendelea na kazi. Nilidhani ni unyenyekevu wa dini, kwamba anataka thawabu yake iwe nzima. Sikumuuliza sababu. Kuuliza kungenichukua dakika moja.

Baada ya miezi maneno yakaanza. Bi Tatu, muuza nyanya wa Igoma, mwanachama mwenzetu tangu siku ya kwanza, alisimama kwenye mkutano akauliza: kama hatutajiwi nani ametoa, tutajuaje ametoa kiasi gani? Lilikuwa swali zuri, na naomba usimchukie Bi Tatu, maana baadaye utampenda. Lakini swali likitoka mkutanoni na kuingia mtaani linavaa nguo nyingine. Ndani ya wiki mbili ikasemwa kwamba watoaji wasiotajwa hawapo, wamebuniwa. Ikasemwa kuna mzungu analeta hela nyingi na Mama Kabula anaandika kidogo. Ikafika mahali ikasemwa mweka hazina naye amenunua kabati jipya. Kabati nilikuwa nimelinunua kweli, kwa mshahara wangu, kwa awamu nne. Niliumia, nikakasirika, nikakosa usingizi kwa ajili ya kabati.

Mama Kabula hakutikisika. Aliniambia nisibishane na mtu, Jumamosi mkutanoni atalijibu jambo hilo mwenyewe. Jumamosi ikafika, wanachama wakajaa kwenye darasa la shule ya msingi tuliloazima, akina mama wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mama Kabula hakuwepo. Kule Buswelu mwanamke mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na yeye akabaki naye. Alinitumia ujumbe kwa mdomo wa jirani: nisubirini, na Minza asifungue daftari mpaka nije.

Minza ni mimi. Na mimi nilifungua daftari.

Sitakudanganya kwamba nilisahau agizo. Nililisikia vizuri. Ila watu walikuwa wananong'ona, mmoja akacheka kwa pua, na nikaona macho yamenielekea kama mwizi aliyekamatwa. Nikajiambia kwamba ukweli hauna sababu ya kumsubiri mwenyekiti. Nikasimama, nikasafisha koo, nikasoma kama ninavyosoma msibani. Nilisoma wote, waliotajwa na walioomba wasitajwe. Nilipofika kwake nikasoma kwa madaha kabisa: "Mama Milembe wa Usagara, muuza mchele, elfu ishirini kila mwezi, miezi saba mfululizo." Nikaongeza na sifa ambazo hazikuandikwa popote, kwamba mama huyu peke yake amebeba karibu nusu ya kodi ya nyumba, na wenye uwezo wajifunze kwake.

Walinipigia vigelegele. Bi Tatu alikuja mbele akanishika mkono, akasema sasa roho yake imetulia. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, nikala nikashiba, nikalilalia lile kosa usiku kucha bila kulijua.

Mama Kabula aliposikia jioni ile hakunitafuta. Baadaye nilijua kwamba alirudi moja kwa moja kwenye ile nyumba ya Buswelu kupanga namna ya kumhamisha mwanamke mmoja aliyeitwa Limi. Lakini mahali pa kumpeleka hapakupatikana Jumapili, na Jumatatu asubuhi tulikuwa tumeshachelewa.

Sasa nikueleze Limi ni nani, maana mimi nilielezwa wakati ambao haikusaidia tena. Limi alikuwa mke wa Masanja, na Masanja ni mtoto wa kwanza wa Mama Milembe. Alikuwa akimpiga mkewe mpaka mara moja akamvunja mkono. Mama Milembe alisema na mwanawe, akaita wajomba, akaita wazee, ikawa kazi bure. Mwisho wake yeye mwenyewe, mama mkwe, alimtorosha mkamwana wake na wajukuu wawili, akamleta kwa Mama Kabula. Masanja aliamini mkewe amekimbilia kwao Magu, akaenda mara mbili kumtafuta huko. Kwa mama yake hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa akila kwake kila Jumapili.

Pale darasani kulikuwa na mwanachama ambaye kaka yake alifanya kazi na Masanja kwenye magari ya samaki. Hakuwa na nia mbaya. Alifika nyumbani akasifu tu: mama yake Masanja ni mtu wa watu, kumbe miezi saba analipia ile nyumba ya Buswelu. Miezi saba. Masanja alijua kuhesabu. Mkewe alikuwa ameondoka miezi saba iliyopita.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni Buswelu. Limi alikuwa anafua. Wanawake wenzake walimzunguka, mmoja akakimbia kumwita balozi wa nyumba kumi, majirani wakajaa, na Masanja akaondoka bila kumgusa mtu. Lakini aliondoka akisema kwamba sasa anajua pa kuja. Mchana huohuo Limi na watoto walipelekwa Kigongo, wakavuka kwa kivuko kwenda upande wa Sengerema. Wakati huo daraja halikuwepo hata kwenye ndoto. Nguo zake zilibaki zimelowekwa kwenye beseni. Na ule ushonaji aliokuwa ameanza kujifunza kwa fundi wa jirani, uliishia hapo.

Jumanne Mama Kabula aliingia dukani kwetu. Alimwomba mwenye duka aniachie saa mbili tatu, na yule mzee akaniangalia, akamwangalia, akaniruhusu. Tulipanda gari mpaka Usagara. Njia nzima Mama Kabula aliangalia nje ya dirisha. Nilikuwa bado nadhani amekasirika kwa sababu sikumsubiri. Nilikuwa nimeandaa na majibu.

Tulipofika kwa Mama Milembe niliona kitu ambacho sikukielewa mara moja. Nyumba ilikuwa haina paa. Kuta zipo, mlango upo, pazia lipo dirishani, juu mbingu tupu. Masanja ndiye aliyeweka mabati yale mwaka uliotangulia, na alipotoka Buswelu alikuja na vijana wawili na nyundo, akayang'oa yote, akayapakia. Mama yake alikaa uani akiangalia. Tulimkuta akifunika magunia ya mchele kwa turubai, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa.

Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akatutolea vigoda. Hata siku ile alitutolea vigoda.

Mama Kabula akamwambia, "Milembe, huyu ndiye aliyesoma. Nimemleta aone." Kisha akasogeza kigoda chake pembeni, akaniacha na yule mama.

Nilianza kujitetea. Nilisema wanachama walikuwa na wasiwasi, nilisema hela ya watu lazima ijulikane, nilisema kwamba nilimsifu. Mama Milembe alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakupandisha sauti.

"Binti yangu," akasema, "hela ningeweza kumpa Limi mkononi. Mkononi mwake isingekuwa na risiti, lakini nikimpelekea ningefuatwa. Nilipitisha kwako ili mtu asijue yuko wapi. Hicho ndicho nilichokuwa nalipia."

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia kwa sababu ya Limi, na kwa sababu ya lile paa, na nikitaka kuwa mkweli kabisa, nililia pia kwa sababu nilikuwa nimezoea kusifiwa na sikujua mtu asiyesifiwa anaweka wapi uso wake. Mama Kabula aliniacha nilie kiasi, kisha akaniambia niinuke nishike upande wa pili wa turubai, mvua inakuja. Tukafunika magunia.

Wakati wa kurudi nilimwambia kwamba nimejifunza. Nikamwambia kuanzia sasa daftari nitalifunga, hakuna atakayeona jina wala kiasi, na anayeuliza aulize mpaka achoke. Nilidhani atafurahi. Aligeuka akaniangalia kwa mara ya kwanza siku ile.

"Umeunguza mchuzi, sasa unataka tusile kabisa," akasema. "Bi Tatu aliuliza swali la haki. Mimi nikifa kesho, au nikiamua kuiba kesho, nani atajua? Watu wanaotoa jasho lao hawawezi kuambiwa waniamini kwa sababu nina mvi."

Halafu akaniambia jambo ambalo nimelitumia maisha yangu yote. Alisema nimechanganya maswali mawili nikayajibu kwa jibu moja. Hela imeingia kiasi gani na imekwenda wapi, hilo ni swali la kila mwanachama, na jibu lake linasomwa kwa sauti. Nani ameitoa, hilo mwenyewe ndiye wa kwanza kuulizwa. Msibani maswali hayo yanakwenda pamoja kwa sababu anayekuja msibani anakuja kuonekana. Anataka mfiwa ajue alikuwepo. Aliyekuja dukani kwangu na kusimama penye bawaba hakuja kuonekana.

Mkutano uliofuata nilisimama nikakiri. Nyumba ya mtu imeng'olewa paa na mwanamke amehamishwa na watoto kwa sababu ya mdomo wangu, nilisema hivyohivyo. Mama Kabula akapendekeza utaratibu. Kila kiasi kinachoingia kitasomwa kwa namba ya risiti, bila kuruka hata kimoja, na kila kinachotoka kitasomwa kimekwenda wapi. Kila mtoaji ataulizwa siku anapotoa: tukusome au tusikusome? Na majina ya wasiotaka kusomwa yatajulikana kwa watu watatu: mwenyekiti, mweka hazina, na mwanachama mmoja asiye kiongozi, atakayechaguliwa na wanachama wenyewe, alinganishe risiti na majina na kuja kutuambia kama watu hao wapo kweli. Mkaguzi naye akija, ataona kila kitu.

Wanachama walimchagua Bi Tatu. Mimi nilishtuka, Mama Kabula akatabasamu. Na niamini mwanangu, hapakuwa na jicho kali kama lile. Alikuwa akipitia risiti zangu kama anavyochagua nyanya, anabonyeza moja moja. Mara mbili alinikuta nimekosea, mara zote mbili kwa hela ndogo, na mara zote mbili alisema mbele ya wote. Lakini jina hata moja halikumtoka mdomoni. Maneno ya mtaani yalikufa yenyewe, na kabati langu likaachwa lipumzike.

Usidhani utaratibu ule ulikuwa wa kuwafurahisha watoaji tu. Haukupita mwaka akaja dukani kwetu bwana mmoja, dalali wa samaki, akiwa na bahasha. Ndani mna laki mbili. Akasema mwenye hela hataki kutajwa, hata kwa Bi Tatu asitajwe, na ana ombi dogo tu: yule mwanamke aliyehamishwa aambiwe kwamba umoja hauwezi kumsaidia tena, arudi kwa mumewe. Sikuhitaji kuuliza bahasha inatoka kwa nani. Laki mbili zingetulipia kodi ya miezi kadhaa. Mimi yule niliyetaka kulifunga daftari ningechanganyikiwa, nikasema mtoaji ana haki ya siri yake. Nilimwambia achukue bahasha yake, nikaandika siku na saa aliyokuja, na mkutanoni nikasoma: imeletwa laki mbili kwa sharti la kumrudisha mwanamke kwa mumewe, imekataliwa. Sikutaja jina la mtu. Wanachama walielewa, na safari hii hawakupiga vigelegele. Bi Tatu alisema tu, "Endelea." Nilijisikia vizuri kuliko siku niliyoshangiliwa.

Na lile paa, unaniuliza kwa macho. Tulichanga. Mwenye duka wetu alitoa mabati kumi, akaniambia nisimwandike. Safari hii niliuliza sababu. Akasema akiandikwa, kesho watu watajipanga hapa mlangoni kuomba mabati. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara kabisa, haina utakatifu wowote, lakini ni yake, na mimi si kazi yangu kuipima. Nikaandika risiti, Bi Tatu akaiona, mkutanoni ikasomwa mabati kumi. Leo hayupo tena duniani, na duka lilishauzwa, ndiyo maana wewe unasikia.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na kesho uende nayo ukiwa umenyoosha shingo, maana mambo haya nayajua. Hela iweke wazi mpaka mtu wa mwisho aridhike, iliyoingia na iliyotoka, na anayekuuliza usimwone adui. Jina la mtu si mali ya chama. Ukipokea mchango wa mtu, muulize kabla hujaandika kama anataka kusomwa, na akikataa usimlazimishe kukueleza, ila msikilize kama anataka kueleza, maana huenda kuna mtu mwingine nyuma yake ambaye wewe humwoni. Ile picha ya miamala uliyonionyesha kwenye simu, yenye majina na namba za watu wote, ifute leo. Najua unaweza kuificha namba kwa kuipaka rangi kwa kidole hapo kwenye simu, wajukuu wamenionyesha, lakini iliyokwisha kutumwa imekwisha kutumwa. Hakikisha daima kuna jicho la tatu, mtu ambaye wanachama wamemchagua wao na si wewe, linaloona kila jina. Siri ya mtu mmoja peke yake ndiyo inayozaa wizi. Na anayetaka kujificha huku anataka pia kuamuru hela yake ifanye nini juu ya maisha ya mwenzake, mrudishie, hata kama chama kina njaa.

Limi aliendelea kukaa Sengerema. Alipata cherehani, akasomesha watoto, na sasa wanafanya kazi. Lakini Mama Milembe alikaa miaka minne bila kuwaona wajukuu wale, kwa sababu Masanja aliweka watu wa kumwangalia kama atavuka kivuko, ili wamfuate. Alipowaona, mdogo hakumjua. Alificha uso nyuma ya mama yake.

Mimi nilimwomba msamaha Mama Milembe mara nyingi, na alinisamehe tangu mara ya kwanza. Hakuwa mtu wa kinyongo. Nikipita Usagara aliniita, akanipimia mchele na kuniongezea kibaba juu, akaniuliza habari za nyumbani. Aliendelea kuchangia umoja wetu kila mwezi mpaka alipofariki. Alikuja mjini, akapita mbele ya duka letu, akanipungia mkono, akaenda mpaka gengeni kwa Bi Tatu kuitoa hela yake huko. Kwangu hakuileta tena hata siku moja, na sikuwa na cha kumlaumu.

Haya, nenda mwanangu, wanachama wako wanakungoja. Mungu akupe mkono usiotetemeka ukishika hela za watu, na akupe subira ya kumsubiri mwenyekiti hata watu wakicheka kwa pua. Wanaokupa wakupe kwa roho nyeupe, na wanaopokea wasijue hofu kwa sababu yako. Na akujalie ufike umri huu wangu bila kuwa na mtu aliyekusamehe kwa namna ile.